Moyo wa Dizeli katika Kifua cha Suzuki

Wasomaji wa ukurasa huu wamezoea kuniona nikizungumza juu ya tenzi na watungaji wake, na pengine leo watashangaa kuniona nimekunja kanzu na kuinamia boneti ya gari. Lakini sikutoka nje ya utamaduni. Ufundi nao ni elimu: una walimu na wanafunzi wake, una lugha yake, na una adabu zake. Mtu akitaka kuijua Nairobi ya watu wa kawaida hana budi asimame kitambo mahali ambapo injini yaning'inia kwa mnyororo.

Kisa chenyewe ni cha sahibu yangu mmoja, niliyesoma naye chuoni tangu tukiwa watoto huko Pwani, ambaye sasa yapata miaka ishirini na kitu asomesha watoto Kurani katika mtaa wa Kibera. Maalim huyu ana gari dogo la Suzuki, lile SJ410 lililoanza kuundwa Japani mwaka 1981, na ambalo wengi wetu hapa Kenya twalijua zaidi kwa nduguye wa Kihindi, Maruti Gypsy, aliyetoka mwaka 1985. Ni gari jepesi, uzito wake wapata kilo 850 hivi. Magurudumu yake yote manne huvuta, na injini yake ya petroli ni ya sentimita 970 tu. Kwa gari hilo Maalim hupita vichochoro vya Makina na Lindi wakati wa masika, hubeba misahafu, hubeba masufuria ya maulidi, na mara nyingi, usiku wa manane, hubeba wagonjwa na akina mama wenye uchungu wa uzazi. Kule ambako gari jingine halifiki, hilo hufika.

Basi mwezi wa Septemba 2023, petroli ilipofika shilingi 211 na senti 64 kwa lita mjini Nairobi, injini ya Maalim ilikuwa tayari yatoa moshi wa samawati na kunywa oili kama mgonjwa wa sukari anywavyo maji. Akanijia na shauri lake. "Nataka kutia dizeli," akasema.

Mimi sikulipenda shauri hilo, na nilimfanyia hesabu palepale juu ya jalada la daftari. Mwezi ule dizeli ilikuwa shilingi 200 na senti 99, yaani tofauti haikutimia shilingi 11 kwa lita. Tuseme gari laenda kilomita 30 kwa siku, na kwa petroli laenda kilomita 10 kwa lita: hizo ni shilingi 635. Tuseme kwa dizeli litakwenda kilomita 13 kwa lita: hizo ni shilingi 464. Faida ni shilingi 171 kwa siku. Ikiwa kazi yote itagharimu, mathalani, shilingi 200,000, itamchukua siku 1,170 kurudisha fedha zake. Maalim akaitazama hesabu, akatabasamu. "Umesahau kitu kimoja, Sheikh. Injini hii imekwisha kufa. Hata nikirudisha petroli, si lazima ninunue nyingine? Na mimi sitaki mbio, nataka nguvu ya chinichini, ya kupanda tope na watu watano ndani." Hapo akanishinda.

Tukaenda Makina kwa fundi wake. Huyu ni mzee wa Kinubi, mjukuu wa wale askari wa King's African Rifles waliopewa makao hapo mwanzoni mwa karne ya 20 na kupaita Kibra, yaani msitu kwa lugha yao. Wengi hudhani Kibera ni vibanda tu. Hawajui kwamba pana misikiti mikongwe, na kwamba watu hawa walikaa kwa miongo mingi bila hati ya ardhi mpaka mwaka 2017 walipopewa ekari 288. Mzee alitukaribisha kahawa ya tangawizi kwanza, na hapo ndipo akalala chali chini ya gari.

"Maalim," akasema kutoka kule chini, "gari hili si baya kubadilishwa injini. Njoo uone."

Ikabidi nami niiname. Katika magari mengi ya aina hii, giaboksi na kile kisanduku cha pili kinachogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma vimeungana kuwa kitu kimoja. Katika SJ410 vimetengana, na kati yao pana propela fupi. Maana yake ni kwamba waweza kuleta injini ngeni pamoja na giaboksi yake, ukaviweka mbele, na kile kisanduku kikabaki mahali pake hakijui kilichopita. Kazi iliyobaki ni kutengeneza viegemeo vipya na kuikata ile propela ifae. Wala si wazimu wa mafundi wa Kibera. Huko Uhispania, kiwanda cha Santana mjini Linares kiliwahi kuuza Suzuki za namna hiyo zenye dizeli ya Peugeot ya lita 1.9.

Fundi alipendekeza injini ya Toyota iitwayo 2C, ya sentimita 1974, iliyokuwa katika Town Ace na Lite Ace. Isiyo na turbo, akasisitiza, kwani ile yenye turbo hupasuka kichwa. Kisha akahesabu matatizo kwa vidole vyenye grisi. Injini hiyo ni nzito kuliko ya kwanza, basi springi za mbele zitalala. Sampu, yaani lile bakuli la oili, itagonga difu ya mbele kila gari likitumbukia shimoni, basi sharti ikatwe na kulehemiwa upya. Dizeli haizunguki haraka kama petroli, na kile kisanduku cha SJ410 hupunguza mwendo mara 1.58 hata kikiwa katika gia ya juu. Barabara kuu gari litalia na halitakwenda. Dawa yake ni kutafuta kisanduku cha SJ413, kinachopunguza mara 1.409. Tangi nalo lataka bomba la pili, kwa sababu pampu ya dizeli hurudisha mafuta yaliyozidi. "Na usitie mafuta yaliyochanganywa na mafuta ya taa," akaongeza. "Pampu hulainishwa na dizeli yenyewe. Mafuta ya taa ni mepesi, huiua." Uchanganyaji huo ulikuwa maradhi makubwa nchini mpaka serikali ilipotoza ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa mwaka 2018.

Nilipokuwa nikimsikiliza nilikumbuka mafundi wa majahazi wa Matondoni, kule Lamu. Mashine zilipoanza kutiwa katika vyombo vya tanga, seremala mzuri hakuuliza kwanza mashine ina nguvu gani. Aliuliza mhimili wake utatokea wapi, na uzito wake chombo kitaukalia vipi. Mzee wa Makina hajapata kuona jahazi likiundwa, lakini maswali yake yalikuwa yale yale.

Kwa wasiojua, tofauti ya injini mbili hizi ni moto. Ya petroli huwashwa kwa cheche ya plagi. Ya dizeli haina cheche: hewa hukandamizwa zaidi ya mara 20, hali ya petroli ni mara tisa hivi, ikawa moto mkali hata mafuta yakipulizwa humo huwaka yenyewe. Rudolf Diesel aliifanikisha mwaka 1897 mjini Augsburg, Ujerumani, na katika maonyesho ya Paris ya mwaka 1900 injini ya namna yake iliendeshwa kwa mafuta ya njugu. Lau angalikuja kwetu Pwani tungalimpa ya nazi.

Sasa injini ipatikane. Fundi alituambia twende Kawangware, kwa kuwa huko ndiko aliko mkereza vyuma anayemwamini kwa kazi ya propela, tukamwonyeshe vipimo. Tukapita Dagoretti Corner, tukashika Naivasha Road, ambako gereji za jua kali zimepangana na wauza mahindi na wachonga vitanda. Lugha ya hapo yataka mtu aende na daftari. Kuna Kikuyu, kuna Kiluhya, kuna Kiswahili kilichokatwa mkia, lakini fundi asemapo difu, nozeli, klachi au beringi, kila mtu yuafahamu, na wala hapana kamati iliyokaa kuyasanifu maneno hayo. Mkereza vyuma mwenyewe ni kijana mpole, mashine yake imezeeka kuliko yeye, na hupima kwa kucha kwanza ndipo apime kwa chombo.

Tulipokuwa tukimngoja, akatujia mtu mmoja. Ana 2C, akasema, nzima kabisa, kwa nusu ya bei ya dukani. Akatupeleka nyuma ya kibanda, akafunua gunia. Injini ilikuwa safi kweli. Lakini mahali pa nambari palikuwa pamesuguliwa kwa tupa, pang'aa kama sarafu mpya.

Hapa sharti niseme kweli, ingawa Maalim amenipa ruhusa kwa shingo upande. Sahibu yangu alisita. Fedha alizokuwa nazo si zake; dada yake wa Lamu aliuza bangili zake mbili za dhahabu ili gari lisife. Nusu ya bei ilikuwa na maana kwamba bangili moja ingerudi mkononi. Akanivuta kando akaniambia, "Sisi hatukuona aliyeiba. Na gari lenyewe ni la kubebea wagonjwa." Nikamwambia, "Maalim, umewasomesha watoto wangapi juu ya darura na mipaka yake?" Hakunijibu. Akampigia simu mzee wa Makina, nami nikaisikia sauti ya mzee ikitoka katika simu, kavu kabisa: "Ukiileta hiyo, mimi siigusi. Tafuta fundi mwingine." Tukapanda gari la 46 hadi mjini, kimya njia nzima.

Injini tuliyonunua tuliipata Kirinyaga Road, ambayo wazee bado huiita Grogan, mtumba wa kutoka Japani, pamoja na risiti na karatasi za forodha. Bangili zote mbili zilikwenda.

Kazi ilichukua majuma matano. Magogo matatu, mnyororo, na vijana wawili wanagenzi. Sampu ilikatwa, viegemeo vikalehemiwa, propela ikatoka Kawangware imenyooka kama uzi. Nilikuwapo siku ilipowaka mara ya kwanza; ilinguruma kama mashine ya kusaga unga, na watoto wa chuo wakapiga makofi.

Lakini siku ya majaribio nusura tufe. Gari hilo lina kile chombo cheusi cha duara kinachousaidia mguu kwenye breki, ambacho mafundi hukiita busta. Katika petroli chombo hicho hutumia mvuto wa hewa wa injini. Dizeli haina mvuto huo. Hupewa pampu ndogo iliyo nyuma ya alteneta. Mmoja wa wanagenzi alisahau kuunga mpira wake. Tuliposhika mteremko, Maalim akakanyaga breki ikawa jiwe. Mbele yetu palikuwa na mkokoteni wa maji. Akashuka gia, akavuta breki ya mkono, akaliegemeza gari kwenye fungu la mchanga wa mjenzi, likasimama limeinama upande. Mwenye mkokoteni alitutukana kwa lugha tatu, na alikuwa na haki.

Nilidhani mzee atampiga yule kijana. Hakumpiga. Alimfanya aufungue mpira ule na kuufunga tena mara tatu mbele yetu, kisha akamgeukia Maalim akasema, "Kosa ni langu. Sikukagua." Katika miaka yangu yote ya uandishi, maneno hayo matatu sijayasikia mara nyingi.

Baadaye ukaja ukaguzi wa serikali, Likoni Road, na Likoni hiyo si ile ya feri, ni ya Nairobi katika Industrial Area. Mkaguzi akainama na tochi, akalinganisha nambari ya injini na karatasi, akatazama breki, akatazama viegemeo. Maalim alikuwa ameshika bahasha yake kifuani kama hirizi. Nikaikumbuka ile injini iliyosuguliwa kwa tupa, nikamtazama, naye akatazama chini. Logibuku ikabadilishwa: nambari mpya, na palipoandikwa petroli pakaandikwa dizeli.

Juma lililopita nililala kwake. Saa nane usiku mlango ukagongwa: mama mmoja wa Lindi, mimba yake imetimia. Tukamweka nyuma pamoja na mamake. Maalim akazungusha ufunguo, akatulia, macho kwenye ile taa ndogo ya manjano. Dizeli sharti ipashwe moto kwanza.

"Mbona hatuendi?" mama mtu mzima akauliza.

"Subira kidogo, mama," Maalim akamwambia. Taa ikazimika. Akasema bismillahi, akawasha.