Kompyuta ya Duka ni ya Zamani? Soma Hii Kabla Hujalipa Fundi wa Programu

Je, kompyuta iliyo kwenye kaunta yako ilinunuliwa mwaka gani? Ya shangazi yangu, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Nakuru, ina Windows 7 na RAM ya GB 2. Alimlipa fundi amtengenezee programu ya kurekodi mauzo na malipo ya till. Fundi akaiunda kwenye laptopu yake mpya na huko ikafanya kazi vizuri sana. Kuileta dukani, ikakataa kabisa kufunguka: programu ilikuwa ya biti 64, na Windows ya shangazi ni ya biti 32. Jibu la fundi? "Mama, nunua mashine mpya." Shangazi akarudi kwa daftari lake, pesa imeenda.

Hapo kosa lilikuwa kuchagua vifaa vya kazi kabla ya kuangalia mashine ya mteja. Wewe fanya hivi: bonyeza kitufe cha Windows na cha Pause kwa pamoja. Utaona toleo la Windows na kiasi cha RAM. Isipotaja biti 64, chukulia ni 32. Piga picha, mtumie fundi kabla hamjaongea bei.

Sasa tuje kwa hifadhidata, yaani pale rekodi zako zinapopangwa. Mafundi wengi hukimbilia MySQL au SQL Server. Ni nzuri, lakini hizo ni seva: zinakaa macho siku nzima zikila RAM hata kama hakuna mteja mlangoni. Kwa duka la kaunta moja, mimi ningeomba SQLite. Ni ya bure, haina seva, na rekodi zote zinakaa kwenye faili moja. Hata simu yako ya Android inaitumia ndani kwa ndani. Stima ikipotea katikati ya kuandika mauzo, ukiwasha tena inarudisha rekodi zilivyokuwa kabla ya mauzo hayo, badala ya kukuachia nusu nusu. Kuweka nakala ni kufunga programu na kunakili ile faili kwenye flashi. Lakini ukiwa na kaunta tatu zinazoandika kwa wakati mmoja, usiweke faili hiyo kwenye mtandao wa duka mzigawane, inaweza kuharibika. Hapo ndipo seva kama Firebird au PostgreSQL ina maana, ikae kwenye mashine yenye nguvu kuliko zingine.

Lugha ya kuandikia programu nayo ina mipaka. Toleo la mwisho la Python linalokubali Windows 7 ni 3.8, na kwa Windows XP ni 3.4. Akitumia C#, muulize kama ni .NET Framework 4.8, ambayo Windows 7 yenye Service Pack 1 inaikubali. Lazarus pia iko sawa: ni ya bure na inatoa programu ndogo ya biti 32. Zile zinazobeba kivinjari kizima ndani yake, kwa GB 2 za RAM, achana nazo.

Kuna mambo ya pesa ambayo fundi mgeni kwa biashara hii anaweza kusahau. Namba ya simu ihifadhiwe kama maandishi, la sivyo ile sifuri ya mbele inapotea. Nambari ya muamala isiruhusiwe kuingia mara mbili, ndiyo malipo mamoja yasihesabiwe kama mawili. Tarehe itoke kwenye ujumbe wa malipo, si kwenye saa ya kompyuta. Mashine nyingi za zamani betri yake ndogo ya ndani imekufa, kwa hivyo kila ukiwasha saa imerudi miaka nyuma.

Halafu usalama. Windows 7 iliacha kupata marekebisho ya usalama tarehe 14 Januari 2020. Kwa hivyo funguo za kuunganisha till yako na mfumo wa malipo zisikae kwenye hiyo mashine, wala PIN isiandikwe popote humo. Pakua taarifa ya miamala kwa kifaa kingine kilicho salama, kisha uihamishe kwa flashi uliyoikagua virusi. Inachosha kidogo, najua. Na kumbuka majina na namba za wateja zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, hata zikiwa kwenye kompyuta ya kizamani.

Shangazi alipata fundi mwingine, na safari hii waliandikiana kwamba nusu ya mwisho ya malipo italipwa baada ya programu kufanya kazi wiki nzima kwenye kaunta yake mwenyewe, pamoja na kuchomoa mashine kwa umeme makusudi mara moja.