Je, Wajua? Moshi Unaouona na Sumu Usiyoiona

JE, WAJUA kuwa watu 99 kati ya kila 100 duniani wanavuta hewa chafu kupita kiwango kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani (WHO)? Kijijini na mjini, karibu hakuna aliyesalimika.

• Uchafu hatari kuliko wote hauonekani kwa macho. Ni chembe zisizozidi mikromita 2.5, wakati unywele mmoja wa mtu una upana wa mikromita 70 hivi. Vumbi nene hunaswa puani, lakini chembe hizi hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu, na nyingine huingia kwenye damu. Ndiyo maana hewa chafu huleta hata kiharusi na ugonjwa wa moyo.

• Wajua kuwa moshi wa jikoni unaua? WHO inakadiria kuwa moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 mwaka 2020, vikiwemo vya watoto zaidi ya 237,000 wa chini ya miaka mitano. Tazama boriti za jiko la kuni: masizi yanayoning'inia pale ndiyo hayohayo anayovuta mama anayepuliza moto, pamoja na mtoto aliyembeba mgongoni.

• Mkaa ukishakolea hautoi moshi, na hapo ndipo wengi wanapodanganyika. Msimu wa baridi, watu huingiza jiko chumbani, wakafunga mlango na madirisha, wakalala. Mkaa hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoshikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Aliyelala huenda asiamke.

• Koroboi nayo imo. Tangu 2014, WHO inashauri mafuta ya taa yasitumike majumbani.

• Wajua kuwa London iliwahi kuzama gizani mchana? Kuanzia tarehe 5 hadi 9 Desemba 1952, moshi wa makaa ya mawe ulichanganyika na ukungu, na upepo haukuvuma. Maelfu ya watu walikufa. Mwaka 1956 Uingereza ikapitisha Sheria ya Hewa Safi.

• Petroli iliwahi kutiwa madini ya risasi kwa makusudi ili injini isigonge, ingawa risasi hudhuru ubongo wa mtoto. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana nayo kufikia 2006. Algeria ilikuwa ya mwisho duniani, mwaka 2021.

• Ukichoma mifuko na chupa za plastiki uani, takataka haziishi, zinahamia hewani. Plastiki, hasa ya PVC, ikiungua kwa moto hafifu hutoa dayoksini, sumu inayoweza kusababisha saratani.

• Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka minane. Lakini hata gari jipya hutoa moshi mweusi lisipofanyiwa sevisi.

• Tanzania imejiwekea lengo kwamba kufikia 2034, asilimia 80 ya wananchi wawe wanatumia nishati safi ya kupikia. Mtungi wa gesi kuupata ni jambo moja, kuujaza tena ni jingine. Wengi huuweka kwa chai ya asubuhi, maharage yakarudi kwenye mkaa.

• Wajua kuwa unaweza kupunguza moshi leo hii bila kusubiri mtungi? Loweka maharage usiku kucha, yataiva upesi. Funika sufuria. Kausha kuni, maana mbichi hufuka zaidi. Pikia nje au fungua madirisha, na watoto wakae mbali na moto.

Na jiko la mkaa, hata baridi iwe kali namna gani, lisilale chumbani na watu. Mwambie na jirani.