Fizi Zikifunika Meno, Dawa Isiachwe Ovyo

Mwaka jana, Jumatatu moja asubuhi, mama mmoja alifika ofisini kwangu parokiani pamoja na binti yake wa miaka 12. Mtoto alijifunika mdomo kwa ncha ya kanga. Mama akaweka mezani kopo la vidonge na karatasi iliyokunjwa.

"Karani," akasema, "nisomee karatasi hii. Majirani wananiambia dawa hii ndiyo inayomharibu mwanangu."

Nikamwomba mtoto aondoe kanga. Fizi zake zilikuwa zimeota, nene na nyekundu, hata meno ya mbele yakaonekana nusu tu. Wenzake shuleni walimcheka, naye aliacha kuimba.

Dawa ile ilikuwa fenitoini, dawa ya kifafa. Na kweli, karatasi ilisema kwamba yaweza kuotesha fizi. Mama aliposikia, akasema: "Basi nilifanya vema. Leo siku ya tatu sijampa."

"La, mama," nikamjibu, "hapo ndipo penye hatari."

Wasomaji wapenzi, yafaa sote tulijue jambo hili. Fenitoini ilianza kutumika kwa kifafa mwaka 1938, na mwaka uliofuata tu waganga waliandika habari za fizi zinazoota kwa sababu yake. Karibu nusu ya wanaoimeza hupatwa, zaidi watoto na vijana. Huanza baada ya miezi michache, kwenye vijinyama vilivyo katikati ya meno ya mbele. Lakini mgonjwa akiiacha dawa ghafula, kifafa chaweza kurudi kwa nguvu, degedege moja baada ya jingine pasipo kupumzika, hata kuua. Na anayeanguka karibu na moto au kisimani, nani atamwokoa akiwa peke yake? Fizi zilizoota ni taabu. Kuacha dawa ni hatari kubwa zaidi.

Je, ni dawa hiyo tu? Sivyo. Nifedipini na amlodipini, zinazotolewa kwa shinikizo la damu, zaweza kufanya hivyo. Kadhalika siklosporini, wanayopewa watu waliopandikizwa figo. Tena fizi huvimba pasipo dawa yoyote. Sababu iliyo ya kawaida kupita zote ni uchafu unaoganda penye meno, ule ambao ukikomaa huwa ugaga. Mama mjamzito hupatwa kwa urahisi, na hata asiyekula matunda na mboga kwa muda mrefu. Mara chache huwa ni jambo la ukoo, au dalili ya saratani ya damu. Kwa hiyo mtu ambaye fizi zake zimevimba, naye ana homa, amepauka na anatokwa damu ovyo, asikawie nyumbani.

Basi tufanye nini? Kwanza, usafi. Uchafu wa meno huzidisha uotaji wa fizi hata pale dawa ilipoanzisha. Mswaki utumike asubuhi na kabla ya kulala, polepole, mpaka penye mpaka wa jino na fizi. Dawa ya meno iwe yenye fluoridi. Fizi zikitoa damu kidogo, usiache kupiga mswaki. Damu hiyo mara nyingi huonyesha kwamba pana uchafu. Pili, mganga wa meno aondoe ugaga, kwa kuwa mswaki hauwezi kuutoa. Tatu, mwambie daktari aliyekupa dawa. Akiona yafaa, atakubadilishia kidogo kidogo, si kwa siku moja. Nne, fizi zisipopungua, mganga wa meno aweza kuzikata baada ya kuzitia ganzi. Lakini zikikatwa na usafi ukasahauliwa, zaweza kuota tena. Wala mtu asithubutu kuzikata nyumbani kwa wembe: atatokwa damu nyingi na kupata usaha.

Neno moja zaidi. Wako bado wanaodhani kwamba kifafa huambukizwa kwa mate au povu la mgonjwa. Si kweli. Mtoto huyo asitengwe katika chakula wala darasani.

Mama yule alimpeleka binti yake hospitali siku ile ile. Daktari akamrudishia dawa, naye mganga wa meno akamsafisha na kumfundisha kupiga mswaki. Miezi iliyofuata daktari akambadilishia dawa hatua kwa hatua, na fizi zikaanza kupungua. Hazijaisha zote, lakini meno yanaonekana, na mtoto amerudi kuimba na wenzake.

Ewe mzazi, kama dawa ya mtoto wako inakutia shaka, usiitupe wala usiifiche kabatini. Chukua kopo na karatasi yake, umwendee aliyekupa, umwulize. Kuuliza si aibu.