Chupa ya soda mvunguni ni hatari kwa mtoto

Jioni moja mama mmoja mkazi wa Likoni aliingia kwenye kliniki yangu akiwa amembeba mwanawe wa mwaka mmoja na nusu. Mtoto alikuwa akikohoa, akipumua upesi upesi, na nguo zake zilinuka mafuta ya taa.

Mama huyo alikuwa uani akianua nguo. Mtoto aliingia mvunguni mwa kitanda, akaiona chupa ya soda, akapiga mafunda mawili matatu. Jirani aliyesikia kilio alikuja mbio na, kwa nia njema kabisa, akamnywesha maziwa kisha akamtia kidole kooni ili atapike. Baada ya kutapika ndipo kikohozi kilipopamba moto.

Mtoto alilazwa hospitalini siku nne, akapona. Lakini yale aliyofanyiwa na jirani ndiyo ambayo watu wengi wangeyafanya, na ndiyo yaliyomzidishia ugonjwa.

Wengi hudhani kwamba mafuta ya taa hudhuru hasa tumbo. Sivyo. Ni mepesi mno, na huteleza kwa urahisi hadi kwenye njia ya hewa na kuingia mapafuni, ambako huleta nimonia kali. Kumtapisha mtoto ni kuyapitisha mafuta hayo kooni kwa mara ya pili, na maziwa hulijaza tumbo tu na kumchochea atapike. Mvue nguo zilizolowa, umwoshe ngozi kwa maji na sabuni, usimpe chochote cha kunywa, na umpeleke hospitalini pamoja na ile chupa. Hata akionekana mzima, yafaa awe chini ya uangalizi wa daktari kwa muda wa saa 6 hivi, kwani dalili huweza kuchelewa. Mtoto anayekohoa, anayesinzia au ambaye mbavu zinabonyea anapovuta pumzi asicheleweshwe hata kidogo. Kumbuka kwamba mgonjwa anayetumwa Hospitali Kuu ya Pwani kutoka Likoni huenda akangoja feri, wa Kisauni ana msongamano wa daraja la Nyali, na wa Changamwe ana ule wa Makupa.

Simlaumu mama huyo. Anayenunua mafuta kidogo kidogo, ya kumtosha siku moja au mbili, huyabeba katika chombo alicho nacho, na chombo kilicho katika kila nyumba ni chupa ya soda au ya maji. Mtoto naye ameshafundishwa kwamba kilichomo ndani ya chupa hiyo ni kitamu. Huko Afrika Kusini, utafiti uliochapishwa mwaka 1994 ulionyesha kwamba familia zilipopewa vyombo vya mafuta ya taa vyenye vifuniko ambavyo mtoto hawezi kuvifungua, idadi ya watoto waliokunywa mafuta hayo ilipungua kwa karibu nusu. Hapa kwetu vyombo hivyo ni adimu. Tenga basi kijitungi kimoja cha rangi, chenye kifuniko cha kukaza, kisichofanana na chochote anachonywea mtoto, na ukitundike msumarini juu ya kimo chako wewe, si cha mtoto. Dawa ya kung'arishia nguo na sumu ya panya vilevile zisihamishwe kutoka vyombo vyake vya asili.

Vitabu vya malezi vinavyotoka ng'ambo hutushauri tutie kufuli kwenye kabati za jikoni na vilango kwenye ngazi. Msomaji anayeishi katika chumba kimoja cha nyumba ya Kiswahili, yenye vyumba sita, ujia mmoja katikati na ua wa pamoja nyuma, atacheka. Kabati ipi? Jikoni kwake ni kona iliyo nyuma ya pazia, au ni mlangoni pa chumba ambapo majiko ya majirani yamejipanga. Mtoto akitoka kwenu, yumo kwenye jiko la mwenzako. Kwa hiyo ulinzi wa mtoto wetu ni makubaliano ya wapangaji kabla haujawa kazi ya mzazi mmoja. Kaeni siku moja mpatane: majiko yakae upande mmoja wa ujia, yaegemee ukuta, na sufuria ya uji au ya maji ya moto isiachwe sakafuni ipoe. Ngozi ya mtoto ni nyororo kuliko yetu, na kikombe kimoja cha chai ya moto chatosha kumbabua kifua kizima.

Akiungua, mmwagie maji baridi ya kawaida, si barafu, kwa dakika 20. Vua nguo isiyoganda kwenye ngozi, funika kwa kitambaa safi, kisha twende hospitalini. Dawa ya meno, ute wa yai, asali na unga mimi huviosha karibu kila wiki katika vidonda vya watoto, na kila kuosha ni maumivu mapya.

Maji nayo ni mtihani mwingine, kwani mifereji hukauka na kila familia ina ndoo na mapipa yaliyojaa. Kichwa cha mtoto anayetambaa ni kizito kwa mwili wake. Akichungulia ndoo akatumbukia, hawezi kujinyanyua, na hapigi kelele. Sentimita chache tu za maji zatosha. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu 300,000 walikufa maji mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 5. Ndoo tupu igeuzwe kifudifudi na pipa lifunikwe. Penye kisima uani, ukuta wake uinuliwe na mfuniko ufungwe, na mitungi isiachwe kando yake, maana mtoto wa miaka mitatu huifanya ngazi.

Vidonge vya kuongeza damu ambavyo wajawazito hupewa kliniki huonekana kama peremende, na vichache tu huweza kumuua mtoto. Njugu karanga humsakama mtoto mdogo. Kuhusu zile betri bapa za vidude vya kuchezea na rimoti, mtoto akimeza moja usingoje itoke kwa choo; huanza kuunguza koo la chakula katika muda wa saa 2.

Mama yule alirudi baada ya mwezi mmoja kwa ajili ya chanjo. Aliniambia kwamba mafuta sasa yamo katika kijitungi cha manjano juu ya mlango. Wapangaji wa vyumba vyote sita wamechanga wakanunua mbao za mfuniko wa kisima. Kufuli bado, wanamngoja mwenye nyumba.