Ukoka wa Kijani na Maji ya Mtoto

Mama mpendwa, nani asiyependa ukoka wa kijani mbele ya nyumba yake? Watoto hucheza juu yake na wageni huusifu. Ndiyo maana mvua zinapokaribia wengi wetu huchota urea kwa kopo na kuimwaga, tukidhani ikizidi ndipo ukoka utapendeza zaidi.

Je, umewahi kujiuliza ile inayobaki huenda wapi?

Mfuko wa urea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni. Udongoni hugeuka kuwa naitreti, chumvi inayoyeyuka upesi. Ukoka hunywa kiasi unachohitaji tu. Mvua kubwa ikinyesha, hasa penye udongo wa kichanga, naitreti iliyobaki huzama hadi kwenye maji ya kisima. Haina rangi wala harufu. Samadi na vyoo vya shimo vilivyo karibu na kisima huiongeza.

Anayeumia zaidi ni mtoto wa chini ya miezi 6 anayekorogewa maziwa ya kopo kwa maji hayo. Mwilini mwake naitreti hugeuzwa kuwa naitraiti, nayo huizuia damu kubeba oksijeni. Midomo na kucha huwa na rangi ya bluu, mtoto huhema kwa shida, na anaweza kufa. Daktari Hunter Comly wa jimbo la Iowa, Marekani, aliueleza ugonjwa huu mwaka 1945, kwa watoto walionyweshwa maji ya visima vya mashambani.

Sisi wauguzi tumewafundisha kuchemsha maji. Msiache, kwa maana moto huua vijidudu. Lakini naitreti haiondoki kwa moto. Maji yakipungua sufuriani, yenyewe huzidi kukolea.

Basi tufanye nini?

1. Mnyonyeshe mtoto maziwa yako tu kwa miezi 6. Naitreti haipiti kwa wingi katika maziwa ya mama.

2. Kama anatumia maziwa ya kopo, maji ya kisima yapimwe. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 50 za naitreti kwa lita.

3. Weka mbolea kidogo kidogo, mbali na kisima, wala si mvua kubwa inapokaribia.

4. Ukikata ukoka, acha vipande viozee hapo hapo. Navyo ni mbolea.

5. Mtoto akiwa wa bluu, mkimbize hospitali. Dawa ipo.

Ukoka uliofifia huchipua tena mvua ijayo. Tuyatunze kwanza maji ya mtoto.