Mboni ya mzee haipanuki kama zamani

Wazazi wanapotoka mashambani kuja kuwatembelea watoto wao mjini, malalamiko hayakawii. Taa ya sebuleni ni hafifu. Ngazi za ghorofa ni giza tupu hata mchana. Watoto hucheka, au humpeleka mzee kupimwa macho, naye hurudi na miwani mipya na malalamiko yale yale. Jamaa kama hao huwaambia kuwa mzee hadeki. Mkiketi chumba kimoja chini ya taa moja, jicho lake hupokea mwanga mdogo kuliko lenu.

Mboni ni kile kitundu cheusi kilicho katikati ya duara la rangi ya kahawia. Mwanga hupitia hapo kuingia ndani ya jicho. Duara hilo lina misuli miwili: mmoja huifinya mboni penye jua kali, mwingine huivuta ikapanuka penye giza. Umri unaposonga, ule wa kupanua ndio hudhoofika zaidi. Kijana wa miaka 20 akiwa gizani, mboni yake aghalabu hufikia upana wa milimita 7 hivi. Mtu wa miaka 80 huenda asipite 4 au 5. Tofauti hiyo yaonekana ndogo, lakini kitundu cha mviringo kikipungua upana kutoka milimita 7 hadi 4, mwanga unaopita hubaki thuluthi moja. Isitoshe, lenzi ya jicho hugeuka manjano na kuzuia mwanga mwingine.

Kasi nayo hupungua. Mzee anapotoka kwenye jua la adhuhuri na kuingia katika jengo lenye giza, mboni yake huchelewa kufunguka, na sehemu ya nyuma ya jicho inayopokea mwanga huchelewa zaidi kuzoea. Katika dakika hizo ndipo anapokosa kidato na kuvunjika nyonga. Kwa dereva ni vivyo hivyo. Taa za lori zikimmulika usiku katika barabara ya Mombasa, mboni hujifinya mara moja, kisha hukawia kurudi. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde. Dereva aliyepita miaka 60 ambaye ameanza kuogopa safari za usiku asichekwe. Nadhani ameyajua macho yake kabla ya daktari.

Mboni ndogo ina faida moja. Ikiwa umepita miaka 45 na unasoma ukurasa huu ukiwa umeunyoosha mkono, toboa kadi kwa pini, uiweke karibu na jicho, kisha usome kupitia tundu hilo penye mwanga mkali. Herufi zitakuwa wazi zaidi.

Dawa ya giza ni taa. Weka balbu yenye nguvu karibu na kiti cha mzee, imulike gazeti wala si uso wake. Weka taa ndogo kati ya kitanda na choo iwake usiku kucha, na tochi chini ya mto kwa siku ambazo stima hupotea. Kingo za ngazi zipakwe rangi nyeupe. Akiingia ndani kutoka juani, asimame kidogo akishika ukuta.

Umri lakini husinyaza mboni zote mbili kwa pamoja. Wapo watu wenye tofauti ndogo tangu ujana, na picha za zamani zitakuonyesha. Iwapo mboni moja imepanuka juzi tu, na kope imelegea au mzee anaona vitu viwili viwili, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, kwani huenda mshipa wa damu umevimba ndani ya kichwa. Jicho likiwa jekundu lenye maumivu makali, mzee akitapika na kuona upinde wa mvua kuzunguka taa, presha ya jicho imepanda ghafla. Msingoje asubuhi.

Kisukari cha miaka mingi pia husinyaza mboni, na baadhi ya dawa kadhalika. Mofini ni mojawapo, na pilokapini, matone ya presha ya macho, ni nyingine. Iliyo muhimu kwa wanaume ni tamsulosini, ambayo wengi humeza kwa ajili ya tezi ya kibofu. Madaktari wa upasuaji waligundua mwaka 2005 kwamba dawa hii hulegeza lile duara la kahawia, mboni ikajifunga katikati ya upasuaji wa mtoto wa jicho. Daktari aliyeambiwa mapema hujitayarisha, na upasuaji huendelea vyema. Mwambie hata kama uliacha kuimeza mwaka jana, kwa sababu athari yake hubaki.