Je, Wajua? Katikati ya kivuli kuna nuru

Ukiwa sebuleni unamsikia mama akiita kutoka jikoni, ingawa humwoni. Mawimbi ya sauti yake huweza kuzidi urefu wa mita moja, hivyo hupinda mlangoni bila shida. Mwanga nao hupinda, ila mawimbi yake hayafiki hata sehemu moja ya elfu ya milimita, hivyo kupinda huko ni vigumu kukuona.

Mwaka 1818 Mfaransa Augustin Fresnel alishikilia kuwa mwanga ni mawimbi. Mwanasayansi mwenzake, Siméon Poisson, akampinga: ingekuwa hivyo, mwanga ungepinda ukingoni mwa kisahani cha mviringo, na katikati ya kivuli chake pangetokea nukta angavu. Kwake huo ulikuwa upuuzi mtupu. Mwenzao François Arago akajaribu kwa kisahani cha milimita 2. Nukta ile ikaonekana, iking'aa katikati ya giza!